Kamati ya Joto la Maji ya Ubatizo

Haraka haraka haina baraka. Polepole nayo haina, mpaka igongwe mhuri. Kwa msingi huo, na kwa furaha isiyo kifani, natangaza kwamba Kamati ya Kurejesha Ibada ya Wakristo wa Kwanza, Tawi la Maskati, imetimiza karibu miaka miwili bila kumbatiza mtu yeyote.

Hii ni rekodi. Wakristo wa kwanza wenyewe hawakuifikia. Inasemekana waliwahi kubatiza watu elfu tatu kwa siku moja, jambo ambalo Mwenyekiti wetu, Bwana Kayondo, huliita uzembe wa kiutawala. Fomu elfu tatu, huuliza, zilihifadhiwa wapi?

Mimi ndiye Katibu. Nina Diploma ya Uhazili niliyoisomea Mombasa, napokea simu katika kliniki ya meno Ghubra, na Kiswahili changu sikukiokota njiani. Kamati imeniagiza niandike barua ya kuomba radhi kwa yaliyotokea Ijumaa moja mwanzoni mwa Julai. Lakini radhi haieleweki bila maelezo ya kosa, kwa hiyo naanza na kosa.

Ushirika wetu hukutana Ijumaa, saa nane mchana hadi saa kumi na moja, katika ukumbi tunaopewa kwa zamu kwenye kiwanja cha makanisa. Jumapili hapa ni siku ya kazi, na wengi wetu ni wasichana wa Uganda wanaofanya kazi za ndani. Madam haachwi na vyombo. Zamani tuliimba, tukaomba, tukala pamoja, tukarudi makwetu. Mchungaji wetu, mtu mpole anayekuja mara moja kwa mwezi kutoka Sohar, alimbatiza yeyote aliyeamini na kumwomba. Utaratibu haukuwapo kabisa.

Ndipo Bwana Kayondo, mwangalizi wa ghala la vigae Rusayl, alipochapisha kazini kurasa kumi na moja kuhusu ibada ya Wakristo wa kwanza. Hakusema kazitoa wapi. Zilitoka kwenye printa, na kwake kilichotoka kwenye printa hakibishaniwi. Akazitia kwenye jalada la plastiki, akatuambia Wakristo wa kwanza walikuwa na utaratibu, na utaratibu bila kamati ni sawa na forklifti bila dereva. Akachaguliwa Mwenyekiti kwa kura moja, yake, wapiga kura wengine wakiwa jikoni wanapakua wali. Katika muhtasari wa siku ile aliniagiza niandike kwamba yeye ni "mwenye mamlaka kamili". Niliandika.

Kamati ilianza kazi mara moja. Ukurasa wa kwanza ulisema anayetaka kubatizwa afundishwe miaka mitatu. Wa pili ulisema asiyebatizwa atoke nje kabla ya karamu. Wa tatu ulikuwa na orodha ya kazi zilizokatazwa, na hapo ndipo tulipompoteza Jjuuko, kijana anayepeleka chakula majumbani kwa pikipiki. Wakristo wa kwanza waliwakataa wanaoshindana kwa magari ya farasi, na Jjuuko hushindana na saa; akawekwa safu ya nyuma. Dada mmoja anayevisha midoli ya dukani alisimamishwa wiki mbili kwa kosa la kuhudumia sanamu. Akaomba ahamishiwe stoo, akarudishiwa heshima yake.

Kuhusu ile miaka mitatu, niliinua mkono nikaeleza kwamba mkataba wa kazi za ndani ni miaka miwili, kwa hiyo kila mwanafunzi ataondoka Oman mwaka mmoja kabla ya kuhitimu. Mwenyekiti alifikiri, akajibu kwamba Wakristo wa kwanza hawakuwa na mikataba, hivyo kosa ni la mkataba. Niliandika na hilo.

Aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri ni Nalwoga, anayefanya kazi kwa bibi mmoja wa Ansab. Nalwoga ndiye aliyeipika karamu yetu. Kila Ijumaa alikuja na ndoo ya chapati na sufuria ya maharage, akaviweka mezani, akapanga sahani, kisha kengele ikalia na yeye akatoka nje kwa mujibu wa ukurasa wa pili. Nje ni ule uwanja kati ya kibanda cha mlinzi na jenereta. Alisimama huko kwa miezi ishirini na mbili, Juni na Agosti zikiwamo, sisi tukila chapati zake kwa umoja wa Kanisa la Kwanza.

Hakulalamika. Alichoandika kwenye fomu ya maombi, sehemu ya "Sababu", ni mstari mmoja: anataka kukaa mezani mara moja kabla ya kuondoka. Tiketi yake ya kurudi Entebbe ilikuwa ya Alhamisi, tarehe tisa Julai.

Mwenyekiti alihuzunika sana, kikazi. Akasema hata kama angetaka kumsamehe muda uliobaki, kuna tatizo la maji. Ukurasa wa nne ulitaka maji yatiririkayo, tena baridi. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Joto la Maji, Mwenyekiti Kayondo, mjumbe Kayondo, nayo ikatoka na kipimajoto cha ghala kwenda kufanya utafiti. Bahari ilikuwa nyuzi thelathini na tatu. Bomba jekundu la bafu la ukumbi, hamsini na mbili. Bomba la bluu, ambalo tangi lake liko juu ya paa, hamsini na tatu. Kamati Ndogo ikahitimisha kwamba Maskati haina maji baridi mpaka Novemba, na ubatizo wote ukaahirishwa hadi msimu huo.

"Dada Katibu," Nalwoga aliniambia akifunika ndoo yake, "Novemba mimi nitakuwa Masaka nachimba mihogo. Waambieni hao watu wa kwanza wanihurumie."

Nilimwambia zimebaki hatua. Kulikuwa bado na Fomu Namba Saba, ushahidi wa mwenendo, kwa kuwa Wakristo wa kwanza waliuliza kwanza mtu anaishije. Nikaenda nayo Ansab kwa mwajiri wake, Bi Kheiria, mjane Muislamu aliyezaliwa Unguja na kuzeeka Maskati. Alikuwa ameegemea mito, fimbo pembeni, kahawa mbele yake. Nikamsomea swali la kwanza: mwombaji huwatembelea wagonjwa mara ngapi kwa mwezi?

"Hatembelei," akasema. "Andika hivyo hivyo. Nlipovunjika nyonga alilala hapa chini, miguuni pangu, miezi mitano. Mtu humtembelei unayelala naye chumba kimoja."

Nafasi ya jibu ilitosha tarakimu mbili tu. Nikaandika sifuri, kwa uaminifu, na pembeni nikaandika: alilala.

Swali la pili lilikuwa kama mwombaji huwaheshimu wajane.

"Mjane ni mie. Nikikataa dawa hunigombeza mpaka nnameza. Mnataka heshima gani tena?" Akanimiminia kahawa. "Sasa nnakuuliza wewe, mwanangu. Mnangoja nini?"

Nikamweleza habari za maji baridi, nyuzi, na msimu wa Novemba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na hilo lilinitia wasiwasi.

"Mie si wa dini yenu, na humo simo," akasema. "Lakini maji ya Maskati nnayajua. Kiangazi tunazima hita, maji yake yanapoa humo ndani, kisha tunaoga ya bomba jekundu. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Huyo mwenyekiti wenu haogi?"

Swali hilo halimo kwenye Fomu Namba Saba, kwa hiyo sikulijibu.

Sasa nafika kwenye Ijumaa yenyewe. Mwenyekiti alikuwa ameniagiza nizitafsiri kurasa zote kumi na moja kwa Kiswahili safi na kuzisoma mbele ya ushirika, ili asiwepo wa kusema hakujua. Nilizitafsiri kliniki, kati ya jino na jino. Yeye aliingia akiwa na joho jipya la zambarau, mishono ya dhahabu mabegani, kazi ya fundi wa Ruwi. Akasema mwangalizi lazima aonekane. Kisha akafungua kikao kwa maneno ambayo yamo kwenye muhtasari: "Kanuni haina macho. Haimtazami mtu usoni."

Nikaanza kusoma. Kurasa nne za kwanza kila mtu alizijua. Kuanzia wa tano hakuna aliyewahi kuzisikia, wala, kama nilivyogundua kwa kumtazama, Mwenyekiti hakuwahi kuzifungua. Ukurasa wa sita ulisema maji yatiririkayo yakikosekana, yatumike mengine; baridi yakikosekana, yatumike ya moto; yakiwa machache, mtu amwagiwe kichwani mara tatu. Niliongeza, kwa taarifa tu, kwamba hita ya bafu niliizima tangu asubuhi, na bomba jekundu sasa linasoma nyuzi ishirini na saba. Ukurasa wa nane ulisema mwenye bidii asihesabiwe muda, atazamwe mwenendo. Nikasoma Fomu Namba Saba, pamoja na sifuri yake.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa mwendelezo wa orodha ya kazi. Ulisema mwenye mamlaka avaaye zambarau, ama aiache ama akataliwe.

Watu hamsini walikuwa wanalitazama joho.

Jjuuko alisimama kule nyuma alikowekwa. "Ssebo Mwenyekiti," akasema kwa adabu, "mimi nilikataliwa kwa sababu ya pikipiki, na pikipiki ni ya kampuni. Hilo joho nalo ni la kampuni?"

Mwenyekiti akaeleza kwamba zambarau ile ni ya watawala wa miji ya zamani, haimhusu mtu wa vigae. Ni hoja nzuri. Kwa bahati mbaya ilinibidi kufungua muhtasari wa kwanza na kusoma maneno "mwenye mamlaka kamili". Nikamkumbusha pia kwamba ukurasa unampa nafasi: alivue joho, akae, ale. Akasema mamlaka hayavuliwi mbele ya watu. Akatoka nje polepole sana, kwa mwendo wa mtu anayetarajia kuitwa. Chapati zilikuwa zinapoa, hakuna aliyemwita.

"Mimi natia maji tu," akasema Mchungaji, ambaye Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake ya mwezi. "Kibali kipo?"

Mhuri hukaa kwenye mkoba wangu, kwa sababu wino humchafua Mwenyekiti vidole. Nikagonga.

Nalwoga alipiga magoti bafuni, mlango wazi, sisi tumesongamana hadi kwenye korido. Mchungaji alimuuliza kama anaamini, akajibu kwamba anaamini, akamwagiwa mara tatu. Mara ya kwanza alishtuka kwa baridi. Naiweka kwenye kumbukumbu kwa faida ya Kamati Ndogo.

Kengele ilipolia, alielekea mlangoni kwa mazoea. Nikamshika mkono, nikamketisha. Alikaa na kichwa kinachotona maji, akachukua chapati, akaiminya kwa vidole.

"Hivi ndivyo mnavyozila, zimepoa hivi?" akauliza. "Si mngesema? Ningezifunga kwa taulo."

Miezi ishirini na mbili, na hakuna aliyekuwa amefikiria kumwambia. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokula.

Alipomaliza alijaza sahani, akachukua chupa ya maji, akatoka uwanjani. Nilimfuata kwa ajili ya kumbukumbu. Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha mlinzi, zambarau imemganda mgongoni.

"Hapo unaungua, ssebo," Nalwoga akamwambia. "Saa tisa kivuli huhamia nyuma ya jenereta. Saa kumi kinarudi kwa mlinzi. Utazoea."

Hapo hapo, nyuma ya jenereta, Mwenyekiti aliitisha kikao cha dharura. Akidi ilitimia, kwani akidi ni yeye. Azimio pekee lilikuwa kwamba Katibu aombe radhi kwa maandishi, nakala tatu.

Nimesoma nilichoagizwa kusoma, nimegonga mhuri niliokabidhiwa, na ndege ya Alhamisi imeondoka na Nalwoga ndani yake, amebatizwa na ameshiba. Nakala tatu nimeziambatisha. Sehemu ya radhi, kwa mujibu wa utaratibu, ndiyo hii ya mwisho: siombi.