Malalamiko ya Aliyepona Bila Kuonywa

Kwa Daktari Mkuu wa Majaribio ya Dawa,

YAH: KUPONYWA GHAFLA

Shikamoo. Ningeweza kukuzaa, lakini cheo nacho kina umri wake.

Mimi ni yule karani mwenye saratani ya titi uliyemwingiza kwenye majaribio ya dawa mpya mwaka juzi. Miezi mitatu iliyopita uliniambia ugonjwa hauonekani tena, ukatabasamu, ukaita mgonjwa mwingine. Naomba nikueleze hasara zangu.

1. Uliposema nimebakiza miezi sita ya kuishi, nilikuamini kwa moyo wote. Nikamgawia wifi yangu makochi, mapazia na viatu vyangu vya kisigino. Sasa huja kunitembelea akiwa amevivaa, ananitazama kama mtu aliyevunja ahadi. Nitavidaije? Ni marehemu gani anayerudi kuomba urithi wake?

2. Kwa kuwa sikutarajia kurudi kazini, nilimwandikia bosi barua ya kuaga, nikamweleza kwamba hotuba zake humlaza hata mlinzi aliyesimama. Alikuja wodini, akalia, akanisamehe. Alimsamehe maiti, Daktari. Mimi niliyerudi, kila Jumatatu hunifungia ofisini kwake na kunisomea hotuba nzima.

3. Fomu niliyotia saini ilitaja kutapika, vidonda vya mdomo, kucha kung'oka na nywele kupukutika. Yote nimeyapata, sina ugomvi. Lakini nimezisoma kurasa zote kumi na moja, na hakuna palipoandikwa kwamba naweza kupona. Muungwana huonya.

4. Kikundi chetu cha wagonjwa wa saratani cha kila Alhamisi, kwenye chumba kilicho kando ya maabara, kina utaratibu wake: aliyepona huhamishiwa kiti cha karibu na mlango awape moyo wageni, na haruhusiwi kunung'unika. Mimi! Mwenyekiti, dereva mstaafu, amenipokonya starehe pekee niliyobaki nayo.

Tena shoga yangu mshonaji tulianza naye siku moja, dawa ileile, muuguzi yuleyule. Tulimzika mwezi wa tatu. Wageni wakiniuliza siri yangu ni nini, sina la kuwajibu, na hilo linaniuma kuliko sindano zenu zote. Kama dawa ilikuwa ya mmoja, mngetuuliza apone nani.

Kwa hiyo naomba unirudishe kwenye orodha ya wagonjwa. Ikishindikana, nipe cheti chenye mhuri kwamba kifo changu kimeahirishwa kwa uzembe wa ofisi yako, nikamwoneshe wifi.

Nisalimie wauguzi wote, yule wa maabara mwenye mkono mzito, na mama mfagiaji aliyenishikia beseni bila kugeuza uso.

Wako mwenye kinyongo na afya njema,

Karani

N.B. Tangu juzi nina kikohozi. Leo nimefika kabla geti la hospitali halijafunguliwa, na barua hii naimalizia kwenye benchi lako, nikiwa wa kwanza. Kama ni mafua, ichane. Kama ni ule ugonjwa umerudi, Daktari wangu, tafadhali nikosee tena vilevile.