Mtamba wa Noti ya Juu

Fredi Keraryo alikuwa amesimama kando ya barabara ya Guta, akisubiri bodaboda ya kumrudisha Bunda mjini, aliposikia watu wanapiga yowe kanisani. Akadhani ni msiba. Fredi haogopi misiba. Msibani kuna wali, na mtu mwenye ulimi laini hakosi kupewa nafasi ya kutoa neno la faraja. Akakata kona, akavaa uso wa huzuni, akaingia.

Haukuwa msiba. Ilikuwa kwaya.

Kabla hajakaa, ni vizuri msomaji amfahamu. Fredi alizaliwa Musoma mjini na kukulia mjini, na kazi yake ilikuwa kuuza visivyokuwepo. Aliwahi kumuuzia mwalimu mmoja kiwanja kinachotazama ziwa, na masika yalipoingia ziwa likaja kutazama kiwanja kwa karibu. Hata hivyo, siku hiyo hakuwa anatafuta hela ya bia. Alikuwa anamtafuta mke wake. Matrida alikuwa amerudishwa kwao Nyamuswa na baba yake, Mzee Nyamhanga, kwa sababu mahari ilikuwa imebaki mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, na mtamba huyo alikuwa akiahidiwa kwa maneno matamu tangu siku ya harusi. Mzee alisema bila ukali wowote kwamba mtamba akiingia zizini, Matrida anatoka. Asipoingia, kuna mwenye duka la mbolea Kiabakari ambaye ameshaanza kuuliza habari zake.

Fredi aliweza kuishi bila vitu vingi, ukweli ukiwa mmojawapo, lakini bila Matrida alishindwa. Alimpenda, basi. Tangu aondoke, chumba cha Musoma kilikuwa kimenyamaza, na chipsi za kila siku zilikuwa zimemfika kooni. Pale Guta alikuwa ametoka kumwomba binamu yake amkopeshe mtamba. Binamu alimpa uji.

Sasa akakaa benchi la nyuma, akasikiliza. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya Butiama, na wimbo wa lazima ulikuwa na sehemu moja mbaya. Kwenye "Haleluya" ya mwisho, sauti ya kwanza ilipaswa kupanda na kukaa huko juu, peke yake, kama mtu aliyetumwa kurekebisha bati. Akina mama wa Guta walipanda kwa mabega. Walinyanyua videvu, wakakaza shingo mpaka mishipa ikasimama, na noti ilipofika ilikuwa ndilo lile yowe alilolisikia barabarani. Anayewaongoza, dada mmoja mrefu aitwaye Bhoke, alikuwa anauza dagaa sokoni, na kila baada ya mazoezi alikuwa anauza kwa ishara za mikono.

Kupitia dirishani Fredi akaona boma la jirani. Nyumba ilikuwa ndogo, ya bati lililochoka, lakini zizi lilikuwa limejaa ng'ombe. Akamuuliza mzee wa benchi la mbele ni la nani. Akaambiwa ni la Ryoba, mume wa mwenyekiti wa kwaya, Mama Euphrasia, yule pale mwenye kitambaa cha bluu. Fredi akaangalia ng'ombe, akaangalia nyumba, akaangalia ng'ombe tena. Mtu wa kijijini angejiuliza swali hapo. Fredi aliwajua ng'ombe kuanzia buchani, kwa hiyo hakujiuliza.

Akasimama.

"Samahani, ndugu zangu," alisema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa. "Nani amewafundisha kuimbia koo?"

Magesa, mzee wa sauti ya nne, mwenye kifua kama gunia la pamba, akamgeukia polepole.

"Kwani huwa mnaimbiaga nini huko kwenu? Magoti?"

Fredi akatabasamu kwa huruma. Akaeleza kwamba yeye ni mwalimu wa sauti, kwamba ametoka kuwanoa waimbaji Mwanza, kwamba koo ni mlango tu na mlango hauinui mzigo. Mzigo unainuliwa na pumzi ya tumboni. Anayepanda noti kwa kukaza shingo ni sawa na anayefungua mlango kwa kuusukuma upande wa bawaba. Maneno haya aliyatoa kwenye video aliyoitazama kwenye simu akisubiri kunyolewa, na kwa bahati mbaya yalikuwa ya kweli.

Mama Euphrasia akauliza bei. Fredi akashika kifua. Alisema hachukuagi hela ya kanisa, hela inaleta maneno. Watu wa Mara wanaelewana kwa mfugo. Siku Bhoke atakapofika ile noti huku anacheka, kwaya impe mtamba mmoja, na wabaki marafiki.

"Kwenye kinanda chetu hiki hiki?" aliuliza Mama Euphrasia.

"Hiki hiki, mama. Mimi sibebagi vyombo."

Mazoezi yakaanza. Fredi aliwalaza akina mama chali kwenye mikeka, kila mmoja na kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, akawaamuru wapumue mpaka kitabu kipande na kushuka. Mchungaji alichungulia mara moja, akaondoka bila kuuliza. Aliwafundisha kupiga miayo na kupuliza midomo kama mtoto anayeendesha gari la udongo. Aliwagawia mafuta ya koo, ambayo yalikuwa mafuta ya alizeti, limao na tangawizi, kwenye vichupa vilivyowahi kukaa dawa ya macho.

Na kabla ya kuanza wimbo, kila mara, aliketi kwenye kinanda "kukagua".

Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake. Kinanda cha Guta, kama vinanda vingi vya kwaya, kilikuwa na kitufe kidogo cha kushusha au kupandisha wimbo mzima bila mpigaji kubadilisha vidole. Fredi alikibonyeza kidogo, akakohoa kufunika mlio wake. Kesho yake akakibonyeza zaidi. Vidole vya mpigaji vilikwenda palepale pa siku zote, wimbo ukatoka ukiwa umeshuka, na noti iliyokuwa darini ikawa imekaa kwenye rafu ambayo Bhoke aliifikia bila kunyoosha mkono. Aliimba, akanyamaza, akajishika koo.

"Haijauma," alisema.

Akina mama wakapiga vigelegele. Wapo waliolia. Fredi mwenyewe alisikia kitu kifuani, akajikumbusha yuko kazini.

Waliopata shida ni sauti ya nne. Wimbo ulivyozidi kushuka, wao walikuwa wanasukumwa ardhini. Magesa alilalamika kwamba noti zake zimeingia chini ya meza na yeye sasa hivi anaunguruma kama pampu ya kisima. Fredi akamweleza kwa upole kwamba mti ukipanda juu, mizizi nayo inaenda chini, ndiyo sayansi. Magesa akasema hajawahi kuona mti unaokohoa.

Basi jioni moja umeme ukakatika katikati ya wimbo. Watu wakakaa gizani wakisimuliana mambo ya mihogo. Uliporudi, mpigaji aliwasha kinanda, kwaya ikaanza upya, na walipofika kwenye "Haleluya", Bhoke akapanda akiwa na imani yote na kugonga dari. Lilitoka yowe lile la zamani. Mbwa wa Ryoba alijibu.

Kinanda kikizimwa husahau kila kitu na kurudi mahali pake pa asili, ndiyo maana Fredi alikikagua kila siku, lakini baada ya giza lile naye alikuwa amesahau. Alinyanyuka haraka, akasema Bhoke hajanywa mafuta ya mchana, akaketi "kukagua", akakohoa. Wakaimba tena. Noti ikatoka laini kama maziwa. Kila mtu akafurahi. Mama Euphrasia alikuwa amesimama nyuma ya kinanda, anaangalia kile kioo kidogo chenye namba, na Magesa alikuwa anamwangalia mama huyo.

Wiki mbili baadaye, siku moja kabla ya mashindano, Mama Euphrasia alimwita Fredi nyumbani, akamkaribisha chai ya maziwa na kumwambia kwamba kwaya imeridhika. Fredi alikuwa ameandaa hotuba ya kudai malipo kabla ya mashindano, kwamba ana semina Mwanza, kwamba mwalimu hasubiri. Hakuihitaji. Mama mwenyewe ndiye aliyesema mtu alipwe jasho likiwa bado bichi. Kisha akauliza, kwa kutaka kujua tu, mtamba atampeleka wapi.

Furaha humlegeza mtu. Fredi akamweleza yote, mambo ya Matrida na mambo ya Mzee Nyamhanga wa Nyamuswa, mzee mgumu asiyejua kusamehe hata kwato. Mama Euphrasia akasikiliza, akamwongezea chai.

Wakaenda zizini. Ryoba, mtu asiyeongea sana, aliwatenga ng'ombe wawili. Mmoja alikuwa jike mzee mwenye pembe moja na macho ya mtu aliyekata tamaa. Wa pili alikuwa mtamba mwekundu, mnono, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

"Chagua mwenyewe, mwalimu," alisema Mama Euphrasia. "Tusije tukasemwa."

Fredi alichagua. Ryoba akageuka, akaangalia mawingu kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Fredi alidhani anamlilia mtamba wake, akamheshimu kwa hilo.

Asubuhi ya mashindano, wakati kwaya inapanda basi kwenda Butiama, Fredi aliweka rehani saa yake ya mkononi, akakodi pikapu, akapakia mtamba, akaelekea Nyamuswa. Njiani alijaribu uso wa mkwe mwema kwenye kioo cha gari. Hakuifikiria kwaya, isipokuwa kidogo. Alijua kwamba Butiama hawaruhusu kinanda, jaji ndiye anayetoa ufunguo, yaani sauti ya kuanzia, kwa mdomo, na noti itakuwa imerudi darini. Alijiambia kwamba Bhoke bado kijana, atasahau. Halafu alimfikiria Matrida, na yeye ndiye aliyesahau.

Mzee Nyamhanga alikuwa amekaa mbele ya nyumba na wazee wenzake, kana kwamba walikuwa wanamsubiri. Mama mkwe, kwa heshima, alikuwa ndani. Matrida alisimama mlangoni mwa jiko, mikono imejaa unga. Fredi alipomwona, maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani, jambo ambalo halijawahi kumpata.

"Baba," alisema, "nimeleta."

Akafungua mlango wa nyuma wa pikapu. Mtamba akashuka. Hakungoja kuvutwa. Alipita katikati ya wazee, akazunguka banda la kuku upande ule ambao mgeni asingejua kuna njia, akaingia zizini, akaenda moja kwa moja kwa jike mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Jike yule akaanza kumlamba masikio.

Fredi alicheka kidogo.

"Amekupenda, baba."

"Lazima anipende," alisema Mzee Nyamhanga. "Amezaliwa hapa."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kama kutoka Guta mpaka Nyamuswa. Mzee akamweleza bila haraka, kama mtu anayemweleza mtoto. Mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki wa mbali, rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wa mwenyewe, na ugonjwa au mwizi akija hapati wote. Nusu ya zizi la Ryoba ni ng'ombe wa watu. Yeye alikuwa na wawili pale, na huyu mwekundu alitaka arudishwe tangu kiangazi, ila walikosa gari.

"Asante kwa gari," aliongeza.

Kutoka jikoni kilisikika kicheko cha mtu aliyeficha uso kwenye khanga. Wakati huohuo simu ya mzee ikaita. Akaipokea na kuiweka sauti kubwa, wazee wote wasikie. Nyuma kulikuwa na vigelegele na ngoma.

"Mkwe wetu amefika salama?" aliuliza Mama Euphrasia.

"Amefika. Amesimama hapa."

"Mwambie tumeshinda. Mwambie Bhoke amefika juu bila kinanda, na hata shingo haijamsimama."

Fredi alishindwa kujizuia, akauliza imekuwaje. Mama akamwambia. Tangu jioni ile umeme ulipokatika, kila yeye alipokuwa anaondoka kwenda kunywa supu, wao walikuwa wanabaki. Walianza palepale chini alipowaachia, koo likiwa limelegea, kisha wakapandisha kidogo, jioni baada ya jioni, na yeyote aliyeanza kunyanyua mabega alirudishwa chini mkekani na kitabu chake tumboni. Walipofika kwenye noti yenyewe, koo lilikuwa limeshasahau kuogopa. Magesa alilia kwa furaha siku alipotoka chini ya meza.

"Umetufundisha kweli, mwalimu, hata kama hukutaka," alisema Mama Euphrasia. "Ila ulituuzia noti yetu wenyewe. Na sisi tumekupa ng'ombe wa mkwe wako mwenyewe. Sijui kama kuna anayemdai mwenzake hapo."

Simu ikakatika. Wazee walikuwa wanaangalia chini, kwa adabu. Fredi akamwangalia Matrida. Akasema, mbele ya wazee wote, kwamba hana ng'ombe, hajawahi kuwa naye, na kwamba chumba cha Musoma hakikaliki bila yeye. Lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kwake siku hiyo, na lilitoka na kikohozi.

Mzee Nyamhanga akawaza. Kisha akatoa hukumu. Mtamba huyu atapelekwa kwa dume, atashika mimba, atazaa. Akizaa jike, jike huyo atahesabiwa kuwa mahari ya Fredi, kwa sharti kwamba Fredi ndiye atakayemchunga mtamba na wenzake wote, mpaka siku hiyo. Mwenye duka la mbolea ataambiwa asubiri. Mkwe kukaa kwa wakwe ni aibu, mzee alikiri, lakini huyu aibu ameshazoea kuitembelea.

Kwa hiyo sasa Fredi anachunga Nyamuswa. Jioni ng'ombe huwa wamevuka bonde, na hawarudi kwa fimbo wala kwa hotuba. Wanarudi kwa mwito mmoja tu, wa juu sana na mrefu, ambao wamezoea kuusikia kwa Matrida tangu akiwa msichana. Wiki ya kwanza Fredi aliutoa kwa mabega. Alinyanyua kidevu, akakaza shingo, mishipa ikasimama, likatoka yowe ambalo majirani walidhani ni msiba. Usiku hakuwa na sauti hata ya kuombea chumvi. Ng'ombe hawakutikisika.

Wiki ya pili Matrida akaja akasimama naye kwenye kichuguu. Alimshusha kidevu kwa kidole, akambonyeza mabega, akamwekea kiganja tumboni.

"Usiivute sauti," alisema. "Koo ni mlango tu. Si ndivyo ulivyokuwaga unawaambia?"

Akaita yeye kwanza, bila kukaza chochote, na mwito ukavuka bonde. Upande wa pili yule mtamba mwekundu akainua kichwa.

"Haya, wewe. Anzia chini."

Fredi akapumua mpaka kiganja cha mkewe kikasogea, akaanzia chini.