Mnunuzi wa Nyumba ya Majengo

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimeamua. Nyumba ya Majengo nauza! Vyumba sita, bati linavuja, wapangaji wana midomo. Miaka mitatu sijatia mguu kule, maana kila wakiniona wananionyesha dari. Anayekwenda kuchukua kodi ni mke wangu, Stara. Akirudi anataka kunieleza habari za nyumba, nami namwambia mambo madogo madogo ayamalize hukohuko. Mwanamume mwenye mipango hawezi kukaa anazungumzia misumari.

Nimemwona Yahaya, dalali wa pale sokoni. Nikamwomba mawili: Stara asijue, na jina langu lisitajwe. Akacheka. Akasema dalali akimtaja mtu wake, kesho wanaonana wenyewe kwa wenyewe, yeye anabaki anapiga miayo. Mtu mzuri sana, Yahaya.

Jumanne, 5 Novemba

Kinyozi kanivuruga. Anasema tangu Bunge lianze kukaa hapa, makarani na madereva wanagombea vyumba, hata visivyopigwa plasta. Mtu anauzaje nyumba wakati kama huu? Upumbavu! Nikainuka kichwa kimenyolewa upande mmoja, nikamsimamishe Yahaya.

Njiani wazo likanijia. Kwa nini nisifanye yote mawili? Niuze mbovu, nichanganye na kiinua mgongo nilichopewa shirika lilipotupunguza, ninunue nzuri. Wazo la kitajiri! Nikarudi kumalizia kichwa.

Ila Yahaya asijue kama nina fedha, atanigeuka. Kununua nimemkabidhi Ludovick, dalali wa upande wa stesheni. Naye nimemwambia: Stara asijue, jina lisitajwe.

Jumatano, 6 Novemba

Yahaya karudi kutoka kuiangalia nyumba yangu. Akaanza kuisifu. Nikamkata kauli. Dalali husifu hata choo. Nimempa bei, nikamwambia aende akatafute mtu mwenye haraka nyingi na akili kidogo.

Stara kauliza mbona natabasamu peke yangu. Nimesema ni hali ya hewa.

Alhamisi, 7 Novemba

Ludovick kapata nyumba! Iko hukohuko Majengo. Kadokezwa na dalali mwenzake, akaenda kuichungulia. Bati jipya. Kuta zimepakwa chokaa. Bomba la maji ndani ya ua. Na mzabibu umetambaa juu ya fito, wapangaji wanakaa kivulini, hakuna anayetaka kuhama. Mzabibu! Mwenyewe anauza kwa siri, tena kwa haraka, hajui alichonacho. Nimemwonea huruma. Kidogo tu.

Nimetoa kishika uchumba papo hapo, nisije nikapokonywa. Katikati ya bunda nimechomeka ile noti yangu iliyochanika, niliyoiunga kwa gundi. Hata muuza mchicha aliikataa.

Wakati wa kula nimemwambia Stara kuna watu mjini hapa wanajua kutunza nyumba, wanapanda hata mizabibu. Kaniangalia sana. Akauliza kama nimepita Majengo. Nikasema sijapita, nimesikia watu wakisifia. Akaniongezea mlenda bila kuombwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya swala Yahaya kaniletea kishika uchumba. Mnunuzi amepatikana! Tajiri, hana subira, kalipia nyumba hata hajaiona. Watu wa namna hii Mungu awazidishe. Madalali wamekata chao, nami kilichobaki nimekipokea kwa shukrani. Isipokuwa katikati kuna noti imechanika, imeungwa kwa gundi. Watu wengine hawana haya! Nilidhani ni mimi tu.

Kwa kuwa mtu ana haraka, nimepandisha bei.

Alasiri Ludovick kaja kanywea. Mwenye ile nyumba ya mzabibu kapandisha bei! Tamaa gani hii? Nimemtukana mtu yule kwa dakika tano, Ludovick akiitikia. Kisha nikaukumbuka mzabibu, nikakubali. Itabidi nami nipandishe tena yangu kufidia.

Jumamosi, 9 Novemba

Imepanda tena! Nimemwambia Ludovick sitoi hata senti mpaka nimwone huyo mnyonyaji uso kwa uso. Mara Yahaya naye akaingia: mnunuzi wangu kawa mkali, anataka kuniona. Wote kesho saa nne. Nitamwambia Yahaya nachelewa. Nianze na mnyonyaji, kisha nimpitie yule mjinga.

Jumapili, 10 Novemba

Ludovick kanipitisha njia za uani. Tukapita mashine ya kusaga, tukakata kona. Nikafurahi, maana pale ni karibu kabisa na nyumba yangu. Nitakuwa nakusanya kodi kwa safari moja!

Ludovick akasimama. Kitasa cha mlango nikakijua. Nilikipigilia mwenyewe mwaka themanini na moja, juu chini.

Ndani, Yahaya yuko kwenye kigoda, anamsubiri mnunuzi. Mzabibu upo. Chini yake mke wangu anakunywa chai na mpangaji wetu, nesi Paskazia. Paskazia akasimama, akasema, “Shikamoo baba mwenye nyumba! Leo umeikumbuka njia?”

Yahaya akasema huyu ndiye muuzaji wake. Ludovick akasema hapana, huyu ni mnunuzi wake. Wakabishana kidogo, kisha wote wakanigeukia. Nikasema mzabibu umestawi.

Stara hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Kanieleza polepole: bati kabadilisha mwaka juzi, bomba kavuta mwaka jana, mzabibu kaupanda mwenyewe. Kila alipotaka kuniambia, nilimwambia ayamalize hukohuko. Basi kayamaliza. Akasema, “Baba Salha, ningekuta umeiuza, leo hii ningepanda gari la Kondoa kwa mama, wewe ukabaki na noti zako.” Machozi yalimlengalenga. Nikaona aibu kweli, nusu saa nzima.

Madalali hawakusamehe ujira. Muuzaji kapatikana, mnunuzi kapatikana, wao kazi yao imekwisha. Siwezi kusema wamekosea. Walipoondoka Stara akanimiminia chai. Kivuli cha mzabibu ni kizuri, Ludovick hakudanganya. Nikasinzia palepale kwenye mkeka.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeamka na furaha. Aibu imepungua, nimeweza kufikiri. Wiki iliyopita nilidhani nina nyumba mbovu. Leo najua imepandishwa bei mara mbili ndani ya siku mbili, na mtu makini, mwenye fedha mkononi, alikuwa bado anaitaka. Ningeiuza kwa bei ile ya Jumamosi ningekuwa mjinga!

Nimempitia Yahaya sokoni, nikampa bei mpya. Stara asijue, jina lisitajwe. Kaniuliza kwa unyonge, mnunuzi wa bei hiyo atamtoa wapi. Nimemwambia asihangaike. Yupo mmoja, namfahamu vizuri, anapenda sana mizabibu.