Jinsi Watu wa Musoma Walivyomhujumu Nyota Wangu

Jumapili, 20 Julai 1997

Jana nimeandika historia. Masatu alishika maiki tu, mengine yote ni mimi. Ukumbi wa ushirika ulifurika. Watu madirishani, watu mlangoni, watu juu ya meza ya mweka hazina. Karibu wote wavuvi wa dagaa kutoka Majita na mwambao mzima wa ziwa, na masweta yao, na harufu yao.

Masatu naye ni mvuvi wa dagaa. Mwembamba, mpole, ukimsalimia anainamisha kichwa. Akianza kurap ni mtu mwingine kabisa. Ule wimbo wake wa taa walimrudishisha mara tatu:

Taa nawasha mimi, dagaa anafuata mwanga,
Tajiri anafuata dagaa, mimi nafuatwa na janga.

Wanaume wazima walirusha kofia. Leodgar wa Bunda, tuliyekodi spika zake, aliniuliza kama kijana ana meneja. Nikamwambia meneja amesimama mbele yake. Akatazama nyuma yangu.

Wacha atazame. Tangu nipunguzwe kazi ya stoo kwenye kampuni ya umma, nyumba hii inakula vitumbua vya mke wangu Mwanaupe. Sasa ni zamu ya akili. Wakati huu ni wa soko huria, na mimi nimezaliwa kwa ajili ya soko huria.

Jumanne, 22 Julai

Nimechukua ukumbi tena, Jumamosi tarehe 2 Agosti. Chuma hupigwa kikiwa moto.

Masatu amekuja kuaga, anarudi kwao Majita. Nikamtajia tarehe. Akajikuna kichwa, akasema tarehe hiyo ni giza. Nikamweleza kwamba ukumbi una umeme. Akasema siyo hivyo kaka Kadiri, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaijali taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzikaga na kuja mjini. Likiingia giza, kila mtu anakuwa ziwani, na yeye mwenyewe itabidi aombe ruhusa kwa mwenye mtumbwi.

Nilimsikiliza kwa uvumilivu. Kisha nikamwambia kazi ya msanii ni kuimba, ratiba amwachie meneja. Isitoshe nimekodi taa za rangi, na taa za rangi zinapendeza zaidi kukiwa na giza.

Nimemwambia pia aache kuniita kaka Kadiri mbele za watu, aniite meneja. Akasema sawa, kaka Kadiri.

Jumatatu, 28 Julai

Redio ya Mwanza imepiga wimbo wa taa! Mvuvi mmoja alimrekodi Masatu kwa radio-kaseti yake siku ile, akaipeleka kanda mwenyewe. Nilikuwa kwa kinyozi. Nilitoka mbio na kichwa nusu nikatangaza mtaa mzima, nikasahau kurudi.

Mwanaupe amesema hongera Baba Hamduni, upande mmoja wa kichwa chako umekuwa maarufu. Wivu ndani ya nyumba ni mbaya kuliko wa nje.

Jumapili, 3 Agosti

Sina nguvu ya kuandika. Nitaandika.

Waliokuja jana: Mwanaupe na beseni la vitumbua. Mlinzi. Mzee mmoja aliyedhani ni mkutano wa ushirika, akakaa mpaka mwisho akisubiri taarifa ya mwenyekiti. Basi. Taa za rangi zilizunguka juu ya viti vitupu.

Masatu alifika amelowa, kaja moja kwa moja kutoka mtumbwini. Aliimba kana kwamba wamejaa mpaka nje. Hakuacha ubeti hata mmoja. Kwenye wimbo wa taa mlinzi alilia waziwazi, akasema ujana wake wote ulikuwa ziwani. Mimi sikupata nafasi ya kusikiliza, nilikuwa nazunguka ukumbi kutafuta aliyeturoga.

Wiki mbili tu zilizopita walikuwa wanakanyagana. Watu hawapotei hivihivi. Hii ni hujuma, na hujuma ina jina, na jina lake linaanza na Leodgar.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana nilikwenda Bunda kufanya upelelezi kwenye disko la Leodgar, pale Manyamanyama. Nilivaa miwani myeusi na kofia ya baraghashia iliyoshuka hadi masikioni. Leodgar akaniita kwa jina toka mbali na kuniletea soda.

Disko limejaa. Siku ya Jumatano! Muziki wote wa nje: wa Kongo, wa Marekani, hakuna anayeelewa neno na wote wanatoka jasho. Leodgar alijidai ananionea huruma. Akasema wateja wake ni wakulima wa pamba, wameuza juzi, hawavuagi dagaa. Akasema kama ananishauri jambo moja, nitazame mwezi kabla ya kukodi ukumbi.

Nilisimama hapohapo nikaiacha soda. Mtu mzima anayekwambia utazame mwezi ana mambo yake, na mimi nimeoa, nina mtoto.

Lakini ujinga wa adui ni mtaji. Jibu nimelipata kwenye basi. Watu wamechoka na dagaa. Wanawaona kutwa, wanawala jioni, halafu walipe kiingilio kuwasikia? Wanataka vitu vya nje. Masatu lazima awe wa nje.

Nimeshukia Butiama, kulikuwa na mnada. Nimepata koti jeusi la ngozi lenye manyoya shingoni. Muuza mitumba alisema ni la kike. Nikamwambia huko lilikotoka hawabagui.

Ijumaa, 8 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Simu imepigwa duka la jirani: mtangazaji wa redio ya Mwanza, dada Euphrasia, anakuja mwenyewe kumrekodi Masatu akiwa jukwaani. Akimpenda anamchukua Mwanza, studio ya kweli, kanda nzima, redioni kila wiki. Sauti ya yule kijana itafika mpaka Bukoba. Nilikaa chini dukani kwa watu, juu ya gunia la sukari.

Nilimpendekezea tarehe 30. Akacheka. Akasema yeye ni mtoto wa Ukerewe, tarehe 30 hakuna mtu nchi kavu, anakuja tarehe 16. Hawa watu wa visiwani wana imani nyingi. Nilimkubalia kwa sababu ni mgeni.

Jumatano, 13 Agosti

Masatu amerudi toka Majita. Mazoezi sebuleni kwangu. Jina la Masatu nimelifuta, sasa ni Masta Chikago. Ameuliza Chikago ni wapi. Nikamwambia mbele kidogo ya London.

Tatizo lilikuwa maneno ya Kiingereza. Nimelitatua kwa akili. Tumekwenda sokoni kwa wauza mitumba, tukanakili maandishi ya fulana, moja baada ya nyingine. Kile ni Kiingereza halisi, kimetoka kwa wenyewe. Kiitikio chetu: Besti Granma, Ohayo Bolingi Klabu. Masatu ameuliza maana yake. Nikamwambia maana yake ni ya ndani sana.

Cha ajabu, hata hayo anayaimba vizuri. Kuna mahali anapanda na sauti kwenye Bolingi mpaka vyombo vya Mwanaupe vinaitikia. Mwanaupe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akauliza mbona kijana ana huzuni. Nikasema siyo huzuni, ni Marekani.

Masatu aliomba aimbe wa taa angalau mara moja, mwishoni. Nimemkatalia kabisa. Ule watu wameshausikia.

Jumapili, 17 Agosti

Nitaandika kila kitu, ili siku moja watu wajue ukweli.

Jana ukumbi ulijaa tangu magharibi. Wavuvi tena, wengi kuliko mara ya kwanza. Mkakati wangu wa mambo ya nje ulikuwa umeanza kuzaa matunda kabla hawajamsikia. Spika ni zilezile za Leodgar, na Leodgar mwenyewe pembeni anatabasamu. Dada Euphrasia alikaa mbele na mashine yake ya kurekodi. Alitaka kutumia betri. Nikasema betri ni mambo ya kijijini, nikaichomeka mwenyewe kwenye waya wetu, pamoja na spika na taa.

Nikamtangaza Masta Chikago. Akatoka na koti la manyoya na miwani yangu myeusi, akajikwaa kwenye spika. Wavuvi wakaulizana huyu mama ni nani. Akaanza Besti Granma. Sauti nzuri, maneno yanatoka, lakini ukumbi umekaa kama uko msibani. Mvuvi mmoja mwenye kifua kikubwa akasimama, akasema kwa adabu kwamba hawana ubaya na mgeni, ila wamekuja kwa ajili ya Masatu, je, Masatu ni mgonjwa?

Dada Euphrasia akageuka kuniuliza kwa nini kijana anasema yeye ni bibi bora kuliko wote. Nilikuwa bado natafuta jibu waliposimama wote. Wakaanza wenyewe, bila maiki: Taa nawasha mimi. Ukumbi mzima. Na Masatu, mtoto asiye na nidhamu, akavua miwani. Akavua koti. Akabaki na sweta lake la ziwani, akafungua mdomo kudaka ubeti wa pili.

Niliona mkakati unakufa mbele ya redio. Nikafanya ambacho meneja yeyote mwenye msimamo angefanya. Nikachomoa waya.

Spika zikazima. Taa za rangi zikazima. Mashine ya dada Euphrasia ikazima.

Wao hawakuzima. Walimbeba Masatu wakatoka naye nje, wakamsimamisha juu ya kreti za soda, mwezi ukiwa mkubwa juu ya ziwa. Akaimba huko, kwa mdomo mtupu, beti ambazo sijawahi kuzisikia: za mama yake anayeanika dagaa mvua ikinyesha, za ndugu yake aliyezama taa yake ikabaki inaelea inawaka. Watu mia kadhaa, kofia mikononi. Kwa dakika chache nilisahau kwamba mimi ni meneja, nilikuwa mtu tu, na nilitamani asimalize.

Alipomaliza, wakapiga kelele. Dada Euphrasia alikuwa amesimama mlangoni amekumbatia mashine, anatafuta betri mkobani. Hakunitukana. Aliniambia, kaka yangu, miaka yangu yote ya redio sijasikia kitu kama hiki, na sina hata sekunde moja.

Ndipo nikaelewa kwa nini Leodgar alikuwa akitabasamu. Alitandaza waya mmoja makusudi.

Jumatano, 20 Agosti

Wametoa redioni walichonacho. Yaani Besti Granma. Wameipiga mara moja. Mtangazaji wa zamu alicheka mpaka akaweka taarab. Kinyozi sasa anaimba Ohayo Bolingi kila nikipita. Nimemsikia dada Euphrasia akieleza kwenye kipindi kwamba alikuwa na jambo kubwa zaidi la kutuletea ila umeme ulikatika. Amenificha. Ni mwanamke muungwana. Wakubwa wake wamemwambia hakuna safari nyingine ya Musoma, wala studio.

Ijumaa, 22 Agosti

Masatu amekuja kuaga. Ameleta ndoo ya dagaa wakavu, wasafi, wa kuchagua. Amerudisha koti, limekunjwa.

Nilimwambia asikate tamaa, tatizo lilikuwa rangi ya koti. Akainamisha kichwa. Akasema hapana kaka Kadiri, wavuvi wamempa taa ya pili na nafasi kwenye mtumbwi mkubwa, giza linaingia, kesho anakwenda. Akasema yeye alikuwaga anaimba ili usiku upite haraka na wenzake wasisinzie, hakujua kwamba kuna kazi nyingine zaidi ya hiyo. Huko ziwani, akasema, wanamwitaga Masatu.

Hakuwa na hasira hata kidogo. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo. Mwanaupe alimsindikiza mpaka njia panda ya Bweri, aliporudi akaketi kuosha beseni la vitumbua. Kisha akasema Baba Hamduni, ule mwezi kila mtu alikuonyesha.

Nimekaa kibarazani nikawaza kwa uaminifu kabisa nilipokosea. Nimeliona kosa. Nilichagua mvuvi. Mvuvi hana ratiba, leo yupo kesho hayupo, na mashabiki wake ni hivyohivyo. Kipaji bila mahudhurio ni kazi bure.

Jumatano, 27 Agosti

Siku njema. Nimepata nyota mpya. Anaitwa Dafroza, ni kiongozi wa kwaya ya kanisa pale mjini. Sauti ya maji. Na tofauti na wengine, ana mashabiki wa kudumu: waumini wote wa parokia, wazee kwa watoto, watu wenye nidhamu, wasiokwenda popote. Alikubali haraka, sikumpa hata nafasi ya kuuliza siku.

Safari hii sikukurupuka. Nimemwomba mtunza ukumbi anieleze ratiba ya wiki nzima. Siku zote zina watu, ila kuna wakati mmoja ambao ukumbi haujawahi kukodiwa na mtu yeyote tangu ujengwe, na bei yake ni nusu. Mtunza ukumbi mwenyewe hajui kwa nini wafanyabiashara wa Musoma hawajauona. Kama mimi, naye ni Mwislamu, tumeshangaa pamoja. Nimelipia papo hapo na matangazo yameshabandikwa hadi mlangoni mwa kanisa: Dafroza na kwaya nzima, Jumapili, saa nne kamili asubuhi.