Mbeleko ya Mbuke na Shule ya Mihuri

Kharumwa

Dada Serafina, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa miezi minne bila kukuandikia. Mbuke anaota meno, na kalamu nikiishika anaitaka yeye. Uliniuliza kama ile shule ya kukata mihuri ya mpira, hii tunayochapia mapambo kwenye vitambaa, imefunguliwa. Imefunguliwa Jumamosi. Nakuandikia hotuba ya Bwana Jilala, msaidizi wa maendeleo, kama alivyoitoa, ujionee mwenyewe. Kwenye mabano ni sisi wengine.

"Mheshimiwa mwakilishi wa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ambaye amepata udhuru, mheshimiwa mwakilishi wa Mtemi, ambaye yuko njiani, waheshimiwa wanangwa wa vijiji, karani wa baraza, dereva wangu, akina mama, na ninyi wengine ambao vyeo vyenu havikuletwa kwangu kwa maandishi. (Mbuzi akalia, ndiye akapigiwa makofi.)

Nasimama hapa, mimi niliyehudhuria kozi ya wiki mbili kamili, kuzindua Skimu ya Ukataji Nadhifu wa Mihuri ya Mpira kwa Kazi za Mikono, skimu ambayo komiti yangu, chini ya uenyekiti wangu, kwa kufuata pendekezo langu, iliipitisha bila kupingwa. (Makofi ya dereva.) Uchunguzi umethibitisha kwamba asilimia tisini na moja na nusu ya mihuri ya akina mama wa hapa huachwa na mpira wa ziada pembeni mwa picha, mpira huo ukashika rangi, rangi ikachafua kitambaa, na kitambaa kikachafua jina la Jimbo zima. ('Nani alikuja kutuchunguza?' akauliza Mama Masele. Karani akamjibu, 'Uchunguzi ulifanyika ofisini, mama.')

Sasa naonyesha kwa vitendo. Muhuri huu ni wa ng'ombe. Wembe unalazwa kuingia ndani, chini ya picha, kwa ujasiri, hivi. (Pembe ikakatika, ikaangukia kiatu chake. Nikamwambia, 'Bwana mkubwa, wembe unalazwa kuelekea nje, mpira ubaki mpana chini. Ukiukata kwa ndani, picha inakosa pa kukanyagia.' Wanawake wakacheka, wamefunika midomo kwa khanga.) Mama huyu amesema nilichokuwa karibu kukisema. Na ng'ombe huyu, kama mnavyoona, sasa ni wa mbegu bora, ile ya pembe moja.

Shule hii ina madarasa sita, meza arobaini, nyembe elfu tatu na mashine ya kukatia kutoka ng'ambo. (Tukageuka kutazama. Nyuma yetu palikuwa na mabua ya mtama.) Na asije mtu akasema ni maneno matupu: hii hapa kazi ya wahitimu wetu wa kwanza. (Akainua mbeleko ya Mbuke. Karani alikuwa ameiazima kwangu asubuhi, ati ipambe meza. Ng'ombe wanane na tumba za pamba, kingo safi, mihuri yake nimeikata mwenyewe jikoni kwa wembe mkuukuu wa Baba Mbuke.) Kitambaa hiki naenda nacho makao makuu, kiwe ushahidi. ('Bwana Jilala, hiyo ni mbeleko ya mwanangu. Nitambebea nini?' 'Mama, usiitazame kama mbeleko. Itazame kama ripoti.')

Semeni nami: kingo safi, Jimbo safi. (Safi, akasema dereva.) Mpira wa ziada, utoke. (Utoke.) Nawashukuru kwa kuja kwa wingi kwenye ufunguzi wa shule hii, ambayo haijajengwa, haimo kwenye plani ya mwaka huu wala ujao, na ambayo faili lake litafunguliwa mara tu ripoti ya mafanikio yake itakapopokelewa."

Gari likaondoka na mbeleko. Nilimbeba Mbuke mkononi maili tatu. Sikulia, wala sikunyamaza: karani nimemwambia kila siku ya baraza nitakaa mlangoni pake na mtoto huyu mpaka irudi, na Mama Masele kasema atakuja na kigoda chake.

Huku nikingoja nachapa nyingine. Mabula akija na lori la pamba, mpe hivi: yadi mbili za kitambaa cha marekani, nyembe nne mpya, chupa moja ya rangi nyeusi isiyotoka ikifuliwa, kipande cha mpira wa ndani wa tairi, upana wa kiganja, na kipande kingine cha kutosha herufi nane. Jina langu nitalichonga kinyume, nilikate kingo vizuri, nilipige kila pembe ya kitambaa.

Mdogo wako,
Apolonia