Uzinduzi wa Drili ya Mtaa wa Nukazawa

(Ukumbi wa mtaa, Jumapili saa mbili asubuhi. Viatu vyote viko mlangoni. Anazungumza Bwana Kuramochi Eisaku, Mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtaa.)

Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ni mke wangu. Mheshimiwa Mweka Hazina, ambaye ni shemeji yangu. Mheshimiwa Mkuu wa Zamu ya Takataka Zinazoungua. Mheshimiwa Mkuu wa Zamu ya Takataka Zisizoungua, ambaye najua hapendi kutajwa wa pili. Waheshimiwa viongozi wa kikundi namba moja hadi namba saba, na wa kikundi namba nane, chenye nyumba moja. Fundi Hatakeda, seremala mstaafu. Mama yetu Isogai wa nyumba ya kona, mwenye miaka themanini na miwili. Wageni waalikwa ambao hawakuja. Mabibi na mabwana, kama kuna niliyemsahau, basi ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mtu anapiga chafya.)

Ndugu wana-Nukazawa, mtakumbuka kwamba mwezi wa tano mwaka jana ardhi ilipotikisika, kabati la vyombo la Mama Isogai, lile refu la mbao nzito alilokuja nalo siku ya ndoa yake, linalosimama hatua mbili tu kutoka pale anapotandika godoro, liliinama mbele mpaka sahani zikamwagika, kisha likarudi ukutani lenyewe kwa hisani yake. Na mimi, kama kiongozi msikivu, nilifika eneo la tukio ndani ya siku tisa tu (minong'ono), nikatamka palepale kwamba mtaa huu utanunua drili ya betri, ya uhakika, kwa bajeti isiyozidi yen elfu kumi na tano, ili makabati ya wazee wote yafungwe ukutani kwa vyuma na skrubu, yasije yakamlalia mtu.

(Mama Isogai: "Bado linacheza, Mwenyekiti. Lori likipita tu, vikombe vinagongana.")

Nimekusikia, mama, na kauli yako itaingia kwenye muhtasari. Sasa, katika muktadha wa utawala shirikishi, na kwa kuzingatia desturi yetu, tulipitisha folda ya matangazo nyumba kwa nyumba, nyumba sitini na nne, ikiwa na picha za drili tatu, kila kaya ichague moja na kugonga muhuri wake; folda ikazunguka wiki kumi na moja, zikiwemo tano ilizolala juu ya friji ya nyumba ambayo sitaitaja kwa kuwa ni yangu (kicheko), na iliporudi, matokeo yalikuwa ya kihistoria: asilimia mia moja ya kaya ziligonga muhuri na kuandika pembeni, "Yoyote tu, mradi wengine wairidhie." Tujipigieni makofi kwa mshikamano huo! (Makofi ya wastani.) Tukaipitisha mara ya pili kuuliza hao wengine wanaridhia ipi, na asilimia tisini na nane wakaandika, "Tutafuata walio wengi," huku asilimia mbili zilizobaki, yaani Fundi Hatakeda peke yake, akijaza ukurasa mzima kwa penseli nyekundu, jambo lililowapa majirani zake mshtuko.

(Fundi Hatakeda: "Si niliandika cha maana! Msihadaike na volti nyingi, kwa skrubu za kabati volti kumi na mbili zinatosha. Chukueni yenye betri mbili, moja ikiwa kwenye chaji nyingine iko kazini. Mota isiyo na brashi, inadumu. Dhamana miaka miwili. Na betri zake ziwe zinauzwa peke yake, la sivyo ikifa moja umebaki na pambo. Iko pale duka la vifaa, elfu kumi na tatu na ushee. Dakika kumi, bwana, unakwenda na kurudi!")

Fundi, kaa kidogo. Uzoefu wa miaka arobaini na mitano ni jambo jema, lakini haujapita kwenye kamati. Sisi tuliunda Kamati ya Volti, Kamati ya Betri, na Kamati Ndogo ya Kelele, ambayo ilikaa vikao sita kutafuta saa ambayo drili ikilia haitamsumbua jirani yeyote, ikabaini kwamba saa hiyo haipo. Mimi binafsi, bila posho, nilizuru maduka manne, nikashika drili kumi na moja, nikazizungusha hewani zote na kupiga picha nazo, na nathubutu kusema kwamba katika wilaya nzima hakuna mwenyekiti aliyeshika drili nyingi kama mimi. (Mke wake peke yake anapiga makofi.) Na baada ya upembuzi yakinifu wa miezi kumi na sita, leo kwa heshima na taadhima nazindua rasmi drili yetu, itakayoitwa Tumaini. Drili moja!

(Sauti kutoka nyuma: "Iko wapi?")

Mtaa mmoja! Kabati imara!

(Sauti ileile: "Jamani, iko wapi?")

Nakuja huko. Kwa kumalizia, namshukuru kwa namna ya pekee Mama Isogai, ambaye tangu siku ile ya tetemeko alihamishia godoro lake jikoni, akawa analala kati ya jiko na mlango, baridi na joto, bila kuandika hata barua moja ya malalamiko. Nasi tunamwomba aendelee na moyo huohuo, kwa sababu tulichozindua leo ni jina, na drili yenyewe, kwa maana ya drili ya kushika mkononi, haijanunuliwa, na bajeti yake ndiyo hili bango zuri mnaloliona nyuma yangu.

(Fundi Hatakeda anasimama. Kikundi namba nane kinasimama. Ukumbi mzima unasimama.)

Asanteni! Asanteni sana kwa kunisimamia! Jamani, heshima kubwa kiasi hiki sikuitegemea!

(Mlangoni watu wanagombania viatu. Fundi Hatakeda: "Mama, gari langu liko nje, panda mbele. Duka linafungua saa tatu." Mama Isogai, akifunga kamba za viatu: "Twende. Jikoni nimechoka, mwanangu. Leo nalala chumbani kwangu. Huyo mwacheni amalizie.")