Mwenyekiti Ambaye Bado Hajazaliwa

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Kudumu ya Utetezi wa Uhai Ambao Bado Haujawasili inautangazia umma kwamba imeumaliza mjadala wa utoaji mimba. Mjadala huu umewasumbua Wakatoliki miaka nenda miaka rudi. Maaskofu wameuandikia nyaraka, wanasheria umewakausha koo, na ndugu wa tumbo moja wamenuniana mpaka misibani. Sisi tuliumaliza Jumamosi moja, baina ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, katika ukumbi wa parokia, madirisha yakiwa wazi kwa sababu feni ilikuwa mbovu.

Mimi ndimi katibu wa kamati hiyo. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani, na nimezunguka kwenye maduka ya watu nikipima mawe yao ya kupimia, kwa hiyo siyumbishwi na maneno matamu. Wapo mtaani wanaosema kwamba kamati yetu ilijichimbia shimo ikatumbukia yenyewe. Hao ni watu wasiohudhuria vikao.

Azimio lilisomwa na Mwenyekiti wetu mwenyewe, ambaye pia ni meneja wa shule ya chekechea ya parokia. Mtaani wanamwita Bwana Kipaza, kwa kuwa akishika kipaza sauti hakiachii mpaka umeme ukatike. Alisimama, akakohoa kikohozi cha kiongozi, akasoma: "Tangu mimba inapotungwa, mtoto ni mwanaparokia kamili, mwenye haki zote za mwanaparokia, bila kupunguziwa hata moja."

Tukapiga makofi. Yeye naye akajipigia.

"Haki zote?" akauliza Mama Sindano. Huyu ni nesi mstaafu, mjumbe pekee wa kike, aliyewekwa kwenye kamati ili picha ya pamoja ipendeze.

"Zote, mama! Hatubani!"

"Haya. Katibu, umeandika?"

Nilikuwa nimeandika, tena kwa wino mweusi.

Kisha Wakili wa parokia akawasilisha ibara ya pili, kwamba tuiombe serikali iongeze kifungo cha mwanamke atakayetoa mimba. Mama Sindano akavua miwani.

"Mwanangu, mimi utoaji mimba siupendi, na rozari yangu ni kongwe kuliko digrii yako. Lakini nimefanya kazi wodini. Nimemwona msichana anavuja damu, na askari kakaa mlangoni na pingu, anamsubiri apone. Hebu niambie, pale ni uhai gani uliotetewa?"

"Mama, sheria ni msumeno."

"Msumeno hukata mbele na nyuma. Huu wako mbona unakata upande mmoja? Mwanamume aliyempa hiyo mimba yuko wapi kwenye ibara yako?"

Wakili akapekua karatasi zake, akaeleza kwamba mwanamume ni mdau wa pembeni. Hapo Paroko, ambaye alikuwa amechoka na misa mbili za mazishi, akasema taratibu kwamba Kanisa linakataza kutoa mimba, lakini halijawahi kukataza huruma. Maneno yale yalitugusa sana, tukayaingiza kwenye muhtasari chini ya "Salamu". Ibara ya pili tukaiahirisha hadi kikao kijacho, maana harufu ya chakula ilishaanza kuingia ukumbini.

Ikabaki Mengineyo. Chini ya Mengineyo tulimfukuza kazi mwalimu wa chekechea kwa kosa la kuwa na mimba.

Nasisitiza kwamba hapakuwa na mgongano wowote. Utetezi wa uhai ulikuwa agenda ya tatu, na mwalimu alikuwa Mengineyo. Mtu asiyejua kutofautisha agenda na Mengineyo asijiingize kwenye uongozi.

Mwalimu aliingia akiwa bado na vumbi la chaki vidoleni. Ndiye sauti ya kwanza ya kwaya yetu, na asubuhi ile ile ndiye aliyetuimbia wimbo wa kufungua kikao. Alikuwa akiishi kwenye chumba cha parokia nyuma ya madarasa, peke yake, kama tulivyodhani.

"Ni kweli tunayoyasikia?" akauliza Bwana Kipaza.

"Ni kweli, Mzee."

"Na mhusika?"

"Mhusika amebadilisha laini."

Tukaguna kwa pamoja. Mwalimu akajifuta mikono kwenye kitenge. "Shangazi aliniambia kuna mtu nyuma ya soko, anatoa upesi upesi, dunia haijui. Nikakataa. Nikamwambia, shangazi, kule parokiani kuna kamati."

Bwana Kipaza aliguswa kweli kweli. Alitoa leso, akajifuta macho yote mawili. "Binti yangu, umefanya jambo kubwa. Kamati inakupongeza kwa dhati. Chumba ukiache wazi kabla ya mwisho wa mwezi."

"Niende wapi, Mzee?"

"Hilo," akajibu Wakili, "liko nje ya hadidu za rejea."

Mwalimu alilia, bila kelele, kama mtu asiyetaka kuharibu kikao. Nilimwonea huruma, lakini huruma haina mtoa hoja wala mwunga mkono, kwa hiyo haikupigiwa kura. Mama Sindano alimshika mkono akatoka naye, na chakula chake hakukigusa.

Sasa, nilipoketi kuandika muhtasari, kukatokea tatizo la kitaalamu. Chumba kile kilikuwa na wakazi wawili, na wote, kwa azimio letu wenyewe, ni wanaparokia kamili. Tulikuwa tumemfukuza mmoja tu. Na katiba ya parokia inasema wazi kwamba mwanaparokia haondolewi kwenye nyumba ya parokia kabla ya kusikilizwa. Nilikwenda kwa Bwana Kipaza nikamweleza.

"Katibu, unaumwa?"

"Hapana, Mzee. Azimio ni lako. Haki zote, bila kupunguziwa hata moja."

"Basi muite huyo wa pili!" akafoka. "Muite, tumsikilize, tumalize!"

Tukamwita. Alifika kwa wakati, akiletwa na mama yake. Tulimuuliza kama ana lolote la kujitetea. Akanyamaza. Tukarudia swali kwa sauti ya juu zaidi, kwa kuzingatia mazingira aliyomo. Kimya.

"Kunyamaza ni kukubali," akasema Bwana Kipaza. "Atoke."

Hapo Wakili akaruka kutoka kitini. Tangu aanze uwakili hakuwahi kupata mteja asiyemdanganya, na nafasi ile ilimpanda kichwani. "Napinga! Mteja wangu hajaiba, hajatukana, hajazini, hata hewa ya parokia hii hajaivuta! Mnamhukumu kwa lipi?" Alizunguka ukumbi mzima, akapiga meza, jasho likamtoka, akaomba shauri liahirishwe mpaka mteja wake aweze kuzungumza. Tukaahirisha. Mwalimu akabaki na chumba, ingawa kazi hakurudishiwa, na alishinda mle ndani akisikia watoto wake wa chekechea wakifundishwa kuimba na mtu asiyejua kuimba.

Muda si mrefu ukafika uchaguzi wa kamati, baada ya misa ya Jumapili. Bwana Kipaza alikuwa mgombea pekee, kama ilivyo desturi ya demokrasia yetu. Nilikuwa tayari kumtangaza, Mama Sindano akanyoosha mkono.

"Kila mwanaparokia kamili anaweza kugombea?"

"Ndivyo," nikasema.

"Nampendekeza aliyemo tumboni mwa mwalimu."

Ukumbi ulilipuka. Bwana Kipaza alinyakua kipaza sauti. "Hawezi! Hana uzoefu!"

"Hii si kamati ya wasiozaliwa?" akauliza Mama Sindano. "Uzoefu wa kutozaliwa anao kukuzidi. Wewe mara ya mwisho ulikuwa lini?"

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mimi sikucheka, kwa kuwa msimamizi wa uchaguzi hacheki. Nilitoa mwongozo kwamba mgombea ana sifa, na kwamba kila mama mjamzito ana kura mbili, yake na ya mwanaparokia aliye naye. Lahaula! Wajawazito wakaanza kuingia kutoka kila mlango, wengine sikuwahi kuwaona tangu nihamie parokia hii. Fundi cherehani akadai kura tatu kwa kuwa ana mapacha. Mama Sindano akamwekea sikio tumboni, akathibitisha. Bibi harusi mmoja akasema bado hana uhakika, nikampa kura moja na kumtakia heri. Muuza nyama akafunua shati, akapiga kitambi chake kofi.

"Na mimi je, Katibu?"

"Hiyo ni soda," nikamjibu. "Kaa chini."

Mgombea ambaye hajazaliwa alishinda kwa kishindo. Vigelegele vilipigwa mpaka kengele ya kanisa ikaonekana haina kazi.

Mwenyekiti mpya aliongoza kwa ufanisi ambao kamati haikuwahi kuuona. Hakuhutubia. Hakuomba posho. Kwa kuwa hakuweza kuhudhuria bila mama yake, mama yake naye alipewa kiti chenye mto. Agenda ya kwanza ilikuwa kumrudisha mwalimu kazini. Nikainama na kuuliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, unaafiki?"

Tukasubiri. Hata Paroko alikuwa ameacha kutafuna.

"Amepiga teke!" akasema mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu Mengineyo, akacheka. Alicheka vizuri, kicheko cha mtu anayeimba, na nikafurahi bila idhini ya kikao. Nikaandika: azimio limepita kwa teke.

Kisha tukamsomea ibara ya pili, ile ya kifungo. Nilimsogezea kipaza sauti. Kimya. Wakili akaisoma upya, kwa hisia. Kimya tupu. Ibara ile imelala tangu siku hiyo. Lakini tulipouliza kama mdau wa pembeni atafutwe, lilipigwa teke ambalo lilimfanya mwalimu ashike meza, na Wakili akaenda mwenyewe kuitafuta ile laini mpya. Aliipata, na mwenye laini akaanza kuleta matumizi, kila mara akiangalia chini.

Bwana Kipaza hakukata tamaa. Aliketi nyuma, akitabasamu. "Subira yavuta heri," alikuwa akimnong'oneza muuza nyama. "Huyo muhula wake unaisha kwa kuzaliwa."

Na kweli, Mwenyekiti akazaliwa, salama salimini. Akawa msichana, mwenye mapafu ya mama yake. Siku ya ubatizo kanisa lilijaa. Paroko alipomaliza tu kumwagia maji, Bwana Kipaza akafika mbele na kipaza sauti mkononi.

"Ndugu wanaparokia! Kiti kiko wazi! Kamati hii ni ya wasiozaliwa. Huyu kazaliwa, hatumhusu, naye hatuhusu! Aliyezaliwa hana kiti kwetu, hana chumba kwetu, hana lolote kwetu!"

Spika zikalirudisha neno la mwisho ukutani: kwetu, kwetu. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alimkumbatia mtoto na kuanza kuangalia mlango, akikumbuka mwisho wa mwezi. Paroko aliuweka chini ule mtungi wa maji kwa kishindo. Mimi nimepima mizani nyingi za uongo maishani, lakini ile ilinichefua, nasema wazi. Nikasimama.

"Naomba mwongozo. Huo ni uamuzi rasmi?"

"Rasmi! Andika!"

"Aliyezaliwa hana kiti?"

"Hana! Andika kwa herufi kubwa!"

Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake. "Ahsante, Mzee. Limebaki jambo dogo tu. Kwa taarifa tulizonazo, wewe nawe ulizaliwa."

Kipaza sauti kikalia mluzi.

"Nilimzaa mimi mwenyewe!" ikasikika sauti kutoka benchi la mbele. Alikuwa mama yake mzazi, ajuza wa watu, akijiinua kwa mkongojo. "Na kichwa hicho hicho! Alinitesa siku nzima! Nami sikuwa na mume wakati ule, na parokia ilinipa chumba!"

Hapo hakuna aliyejizuia. Paroko alicheka akishikilia madhabahu. Wakili alicheka, kisha akakumbuka kwamba yeye pia amezaliwa, akakabidhi faili lake bila kuombwa. Kamati nzima ilivunjika pale pale kwa kosa la kuzaliwa. Mimi nilinusurika kwa kuwa katibu, kikanuni, hana kiti, ana stuli. Waliobaki na sifa walikuwa mapacha wa fundi cherehani, mmoja Mwenyekiti na mwenzake Makamu. Nikawauliza kama uhai uliokwisha kuwasili nao utetewe, pamoja na mama yake na chumba chake. Wakapiga teke, kila mmoja upande wake, na fundi cherehani akakaa chini akipiga mayowe ya furaha.

Bwana Kipaza alibaki amesimama katikati ya kanisa, kipaza sauti kimezimwa.

"Sasa mimi niende wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilimwambia kwamba hilo liko nje ya hadidu za rejea. Tukampongeza kwa dhati, na ofisi ya meneja wa chekechea tukamwomba aiache wazi kabla ya mwisho wa mwezi.